Nyuki, Ndovu na Shoka

Atokaye Changamwe kwa barabara kuu ya Nairobi, kabla hajafika Miritini, huuona mkono wake wa kulia mtaa wetu wa Mikindani ukiteremka nyumba kwa nyumba hadi ukingoni mwa hori la Tudor. Na pale nyumba ya mwisho inapokoma ndipo inapoanza mikoko, au tuseme mabaki ya mikoko, maana wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani wamekadiria kwamba baina ya mwaka 1992 na mwaka 2009 hori hili lilipotewa na takriban asilimia 87 ya msitu wake, na jirani yake hori la Mwache likapotewa na asilimia 45. Sababu zake si fumbo. Yako maji machafu yanayoteremka kutoka mitaani, iko mvua ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998 iliyokokota tope kutoka bara ikaifukia mizizi isipate kuvuta pumzi, na juu ya yote liko shoka. Mtu wa mwambao hajengi bila boriti, pau na fito, wala hapiki bila kuni, na mkoko ndio mti ulio karibu naye, umesimama majini kama kitu kisicho na mwenyewe.

Basi kandokando ya mahori yanayoizunguka Mombasa wakatokea watu waliochoka kuwasihi wakata miti kwa maneno, nao wakatundika mizinga ndani ya mikoko. Tadbiri yao haina uchawi. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchanua maua madogo ya manjano ambayo nyuki huyapenda mno, kwa hivyo kundi likiingia mzingani halikosi chakula. Na shoka likipiga shina lolote la jirani, mtikisiko wake huwafikia wenye mzinga, nao hutoka kuuliza habari. Mkata miti haiogopi sana sheria iliyo kitabuni, kwa kuwa anajua kitabu kiko mbali na askari ana njia yake, lakini nyuki yuko papo hapo, hachukui rushwa wala hamtambui mtu kwa jina la baba yake. Fauka ya hayo, mlinzi huyu hulipa mshahara badala ya kuudai: asali ya mikoko imepata wanunuzi, na walioionja husema ina chumvi kwa mbali, jambo ambalo mimi nililidhania kuwa ni maneno ya wauzaji hata nilipoionja mwenyewe.

Ila hekima hii ya kumwajiri nyuki awe bawabu si yetu peke yetu, wala haikuanza na shoka. Ilianza na ndovu. (Nasema ndovu, kama tusemavyo Pwani, kwa kuwa neno tembo kwetu lina shughuli nyingine juu ya mnazi.) Na mwenye kutaka kuiona kwa ukubwa wake hana budi kufuata barabara ileile inayotupita mlangoni, kiasi cha kilomita 150, mpaka Voi, kisha akauelekee mlima wa Sagalla.

Tangu treni mpya ilipoanza safari zake kutoka Miritini, mwisho wa mwezi wa Mei mwaka 2017, watoto wetu wamezoea kuwahesabu ndovu kwa madirisha ya behewa wanapoikata mbuga ya Tsavo, wakiwa wekundu kwa udongo wa huko, nao hurudi wakihadithia kwa furaha. Ni haki yao. Lakini furaha ya abiria ni kitu kimoja, na hesabu ya mkulima anayelala upande wa pili wa mpaka wa mbuga ni kitu kingine. Mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zilitangazwa mwaka 1948 na upana wake unapita kilomita 20,000 za mraba. Katika ndovu 36,280 waliohesabiwa Kenya nzima mwaka 2021, hakuna mahali palipokuwa na wengi kuliko huko. Mnyama huyu aweza kula kilo 150 za majani kwa siku, na aionapo mihindi iliyosimama mistari, na kunde na pojo chini yake, haoni jasho la mtu bali karamu iliyoandaliwa. Usiku mmoja watosha. Mkulima aliyekopa mbegu, akalima kwa mkono na kungoja mvua isiyo na ahadi, huamka akakuta mashina yaliyokanyagwa na nyayo zenye upana wa sinia, na mwaka wake umekwisha.

Dawa za zamani zinajulikana. Watu hulala kwenye dungu, kama wafanyavyo wanaoamia ndege katika mpunga, wakapiga madebe, wakawasha mioto, wakachoma pilipili kwa kinyesi kikavu ili moshi umkere mgeni. Ndovu huogopa mara ya kwanza. Mara ya tatu husimama akasikiliza. Mara ya tano ameshajua kwamba debe halina meno. Na aliye dunguni ni mtu mwenye mwili, ambaye hafikirii tena mahindi pindi mnyama wa tani kadhaa anapogeuka kumkabili. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu; ni ungwana wa serikali kulitambua deni, lakini fidia nyingi zimekawia miaka, na hata zingelipwa kesho yake, hakuna mzazi aliyeketi kuiandika bei ya mwanawe kisha akaridhika nayo.

Ikajaribiwa pia njia ya kumhamisha mnyama mwenyewe. Mwaka 2005 ndovu wapatao 150 walipigwa sindano ya usingizi huko Shimba Hills, upande wetu wa Kwale, walikokuwa wamejazana, wakapakiwa kwenye malori makubwa na kupelekwa Tsavo Mashariki. Ilikuwa kazi ya gharama na ya ustadi, nami siidharau. Hata hivyo wengine wao, hasa madume, waliiangalia nchi ile mpya, hawakuipenda, wakafunga safari kwa miguu kurudi kwao. Mwenye kisa kama hiki mbele yake huanza kufahamu kwa nini wengine waliacha kuuliza ni wapi ndovu apelekwe, wakauliza ni kitu gani ndovu mwenyewe hakitaki.

Jibu walikuwa nalo wachungaji na warina asali kabla ya kuwako chuo chochote. Walijua kwamba ndovu huupita mbali mti wenye nyuki, hata ukiwa na majani matamu. Ngozi yake nene haichomeki, lakini kuna mahali ambapo Mwenyezi Mungu hakumpa ngao: pembeni mwa macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton, mwanzilishi wa shirika la Save the Elephants, waliyachukua maneno hayo ya wenyeji wakayafanyia mtihani na kuyaandika mwaka 2002. Kisha akaja Lucy King, aliyekuwa mwanafunzi wao wa Chuo Kikuu cha Oxford, akaficha kipaza sauti karibu na miti ambayo familia za ndovu zilikuwa zimepumzika chini yake huko Samburu, akawasikizisha mvumo wa nyuki walioghadhibika. Katika familia 17, familia 16 ziliondoka kabla ya kutimia sekunde 80. Hapakuwa na nyuki hata mmoja. Ilikuwa sauti tupu. Baadaye ikabainika kwamba ndovu wana hata mngurumo maalumu wa kupashana habari ya nyuki, na kwamba wenzao wakiusikia hutikisa vichwa na kurudi nyuma ijapokuwa hawajaona kitu.

Huko Mwakoma, kijiji kilicho chini ya mlima wa Sagalla, mradi wa ua wa mizinga ulianza mwaka 2009, na mpaka leo ndipo penye kituo cha utafiti wake. Ua wenyewe, kwa mtu aliyezoea kusikia habari za nyaya za umeme na mitambo, hauna fahari yoyote. Ni nguzo zilizokatwa mwituni, na baina ya nguzo mbili unaning'inizwa mzinga kwa waya, usawa wa kifua cha mtu, na juu yake kipaa kidogo cha kukinga jua. Mzinga mmoja hadi mwingine ni mwendo wa mita 10 hivi, na aghalabu baina ya mizinga ya kweli huwekwa ubao mtupu wenye umbo la mzinga, maana ndovu aliyekwisha kuumwa hana haja ya kuhakikisha kila sanduku. Waya mmoja huiunganisha mizinga yote. Ndovu akija gizani akausukuma waya kwa kifua, mizinga ya kulia na ya kushoto huyumba pamoja, na waliolala ndani huamka wakiwa hawana furaha. Mwenye shamba, akitaka kuingia, hujua mlango wake. Ng'ombe na mbuzi hujifunza wao wenyewe.

Je, yafaa? Hesabu zilizotolewa mwaka 2024, zikihusu mashamba 26 ya Sagalla yaliyofuatiliwa kwa miaka 9, zinasema kwamba katika ndovu wapatao 4,000 walioyakaribia mashamba hayo, ule wakati wa kilele cha mavuno, mvua ikiwa imenyesha ya kutosha, hadi asilimia 86 walizuiwa wasiingie. Tani moja ya asali ikauzwa juu yake. Hizo ni habari njema, na magazeti ya dunia yalizitangaza kwa bashasha. Lakini ndani ya hesabu zilezile mna jambo lililotangazwa kwa sauti ya chini, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: ukame wa mwaka 2017 uliipunguza mizinga yenye nyuki kwa robo tatu, na athari yake ikadumu kiasi cha miaka 3. Nguzo zilikuwapo. Waya ulikuwapo. Mizinga ilining'inia mahali pake. Kilichokosekana ni wenyewe.

Hapa ndipo ilipo kazi ya kweli ya msimamizi wa mradi wa namna hii, na ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kuwa siku ya kujenga ua huja wageni na kamera, hupikwa pilau, hutolewa hotuba, na kila mtu hurudi kwake akiamini kwamba suluhu imekwisha kufungwa baina ya insi na hayawani, ilhali kilichofanyika siku ile ni kupanga nyumba tu, na mpangaji hajasema kama atakaa. Nyuki hafungwi kamba. Akikosa maji huhama. Jua likimchoma huhama. Maua yakikauka huhama. Akiingiliwa na sisimizi huhama bila kuaga. Na nyegere, ambaye hana hofu ya sumu wala adabu ya mlango, huweza kuupasua mzinga usiku mmoja akala asali na watoto wa nyuki pamoja. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupaka grisi kwenye nyaya, kufyeka nyasi chini ya mizinga zisiwe ngazi ya wadudu, kujaza maji kwenye sufuria wakati wa kiangazi na kutia vijiti ndani yake nyuki wasizame, kubadilisha nguzo iliyoliwa na mchwa, na kurina kwa kiasi, akiwaachia wenye nyumba akiba yao ya njaa. Mtu huyo hawezi kuwa mfadhili aliye ng'ambo, wala afisa ajaye kwa gari mara moja kwa miezi mitatu. Ni mkulima mwenyewe, naye hatafanya hayo mwaka hadi mwaka ila aujue ua kuwa ni mali yake na asali ni yake.

Nayasema haya nikiwa na aibu yangu mfukoni. Mwaka mmoja nilinunua mzinga mpya wa mbao, mzuri wa kutazamwa, nikautundika katika mchu mmoja chini ya mtaa wetu, na nyuki wakaja wenyewe kabla ya mwezi kuandama mara ya pili, nikawa naringa nao kama aliyeoza binti. Kisha shughuli za mjini zikanitinga. Nilikuwa nimeambiwa nipake grisi katika waya kila nionapo imekauka, nikawa nasema kesho, na hori lina desturi yake, kwamba siku ya bamvua maji hufika juu na siku nyingine tope humzuia mtu mwenye viatu vya ofisini. Nilipoteremka hatimaye, nilikuta msururu wa sisimizi, mwembamba na wenye nidhamu kama uzi wa fundi cherehani, unapanda waya na kuingia kwa tundu lilelile la nyuki. Nilifungua kifuniko. Masega yalikuwa meupe, makavu, yametobolewa. Nyuki mmoja alikuwa amekufa akiwa ameingiza kichwa ndani ya chumba cha asali. Sikuwa na wa kumlaumu.

Wala shida hii ya kutunza si ya watu weusi na nyuki wao pekee. Uingereza yuko mnyama aitwaye biva, mithili ya panya mkubwa wa majini mwenye mkia bapa kama kafi, ambaye huangusha miti kwa meno na kuzuia mto kwa magogo na tope mpaka maji yakatanda. Aliwindwa kwa ajili ya ngozi na mafuta yake ya harufu hata akatoweka nchini humo yapata miaka 400 iliyopita, naye sasa amerudi. Katika mto uitwao Otter, jimboni Devon, biva walifanyiwa majaribio kutoka mwaka 2015 hadi 2020, na mwisho wake serikali ikawaruhusu wabaki. Wapo waliofurahi, kwa kuwa bwawa la biva hupunguza kasi ya mafuriko na huwapa makao samaki na vyura. Na yupo mkulima ambaye shamba lake liligeuka ziwa. Dawa waliyoitumia si bunduki bali bomba: hupitishwa katikati ya boma la biva, mdomo wake ukazungushiwa kizimba cha waya ili mnyama asigundue maji yanakotorokea, na bwawa likabaki katika kimo ambacho wote wawili wanakistahimili. Ni ujanja mzuri sana. Lakini bomba lisiposafishwa huziba majani, na mwenye shamba akaamka miguu imo majini, na hasama ikarudi pale ilipokuwa.

Turejee kwetu. Ulinganifu wa Sagalla na Mikindani una mahali pake pa kukatikia, nami sitaki kuupamba. Ndovu akiumwa huondoka, akawaambia wenzake, basi. Mkata mikoko akiumwa hurudi usiku wa baridi na moshi, maana binadamu ndiye hayawani pekee anayejua kuwalaza nyuki. Naye aweza kuuchoma mzinga kwa hasira au kuubeba pamoja na asali yake. Kisha nyumba zetu ziko karibu na maji. Nyuki hamtofautishi mwenye shoka na mama anayeokota kuni zilizojiangukia, wala na vijana wanaotafuta kaa kwenye mashimo, wala na watoto wanaopita njia ya mkato kwenda shule. Kwa hiyo anayetundika mizinga mikokoni hana budi kuitundika ndani kabisa, mbali na vijia vya watu, na kuwatangazia majirani nyumba kwa nyumba, na kujua ni nani miongoni mwao anayevimba koo akiumwa na nyuki. Mradi usiofanya hivyo utakuwa umewahamisha watu kutoka uadui mmoja hadi mwingine.

Na liko lingine ambalo huko Sagalla halipo kabisa. Ndovu huwezi kumwalika kwenye kikundi. Mkata miti waweza. Aghalabu ni mtu wa mtaa huuhuu, anayelipwa kidogo mno kwa kila mzigo wa fito, ilhali faida kubwa humwendea mnunuzi aliye barabarani. Anaijua mikoko kuliko sisi tunaoiandikia makala, anajua mchu upi una kivuli na upi hufikiwa na maji ya bamvua, na kupanda mtini kwake si kazi. Akipewa mizinga miwili au mitatu iliyo yake, na fungu lake la asali likapimwa mbele ya macho yake, atakuwa na sababu ya kulichukia shoka la mwenzake. Nasema hivi kwa kuwa nimeona vikundi vinavyohesabu miche iliyopandwa na visivyohesabu watu walioachwa nje, na huku miche ikipandwa asubuhi, mashina hukatwa jioni.

Juma lililopita niliteremka tena horini bahari ikiwa imekupwa. Vijana wawili walikuwa wamesimama kwenye tope la magotini, mmoja ameshika kopo la grisi na mwingine kitambaa, wanapaka waya wa mzinga mmoja polepole kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nyuki walikuwa wakitoka na kuingia kwa tundu wakiwa na chavua ya manjano miguuni. Niliwauliza kama ninaweza kuwasaidia. Wakanitazama viatu, wakacheka, wakaniambia nikae hapo juu penye mchanga nishike ndoo, kwa kuwa maji yangeanza kujaa baada ya saa moja na walikuwa na mizinga mingine 5 ya kupitia.